Kigingi cha Sita

Jumapili moja ya mwezi wa saba, watu wakitoka misa ya pili, Candide aliingia uani kwa Consolée huko Buterere na jerikeni ya petroli, lita kumi kamili, akaitua mlangoni kama mtu aliyeleta maji ya kunywa. Majirani wakaacha mazungumzo. Bujumbura ya siku hizi, mwenye lita kumi za petroli anatazamwa kuliko bibi harusi.

"Mama Benite," akasema, "Ijumaa tunaenda Rutovu. Tafuta shitingi yetu."

Consolée alikuwa akimenya viazi, kisu kikamsimama mkononi. Shitingi ni lile turubai la buluu walilolalia safari zao zote, na miaka mitatu sasa halikuwa limekunjuliwa. Pikipiki ya Candide ilikuwa sebuleni kwake Gasenyi, imefunikwa shuka, mafuta hayaonekani mjini. Na katika majuma yote ya Mungu, mafuta yakapatikana hili. Alhamisi ya juma lililofuata Consolée na wanawe wawili walikuwa wapande ndege kwenda Kanada, kwenye mji ambao jina lake lilimshinda kutamka, na tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Jambo hilo alilijua tangu mwezi wa tatu. Nje ya wanawe hakumwambia mtu.

"Sawa, yaya," akajibu. Watu wa Bukavu humwita hivyo dada mkubwa, na Consolée hakuwa na dada mwingine aliyebaki.

Benite, bintiye wa miaka kumi na tisa, alingoja mpaka Candide alipotoka.

"Maman, bado haujamwambia?"

"Nitamwambia mu njia."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Consolée alijipa kilomita mia moja na hamsini.

Walijuana miaka kumi na sita, na walijuana kwa kilio. Consolée alikuwa amevuka mpaka kutoka Kongo majuma mawili kabla, akikimbia vita, Benite mgongoni, mimba ya pili imeshaonekana, akapanga foleni ya chanjo kwenye kituo kimoja cha afya huko Kinama. Mdungaji alikuwa Candide, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mjane asiye na mtoto, ambaye foleni nzima ilimwogopa kuliko sindano yake. Akamdunga Benite. Mtoto akanyamaza, mama ndiye aliyeangua kilio, kilio cha mambo mengine kabisa. Candide alimshika mkono, akampeleka nyuma ya kituo, akamkalisha juu ya sanduku la barafu la chanjo, akarudi kazini bila kumwuliza kitu. Mtu aliyekuona ukilia na asikuhoji, huyo unamrudia. Consolée alirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku zote baada ya hapo.

Wakati ule Candide alikuwa akipanda milima na pikipiki ya mradi, chanjo nyuma, koti la mvua mbele. Mradi ulipofungwa, pikipiki ikabaki mikononi mwake, na yeye hakujua kukaa. Ndipo mwaka 2012 akaja na wazo la kumpeleka Consolée Rutovu, amwonyeshe maji ya Nili yanapoanzia, walale njiani kwenye nyua za watu anaowajua, chini ya turubai.

Consolée alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Yaya, mi nililala chini ya shitingi miezi kumi juu ya vita. We unataka nilale pale juu ya furaha?"

"Njo vile," Candide akasema. "Ulilala pale kwa nguvu. Sasa ulale kwa kupenda, isikuogopeshe tena."

Basi wakaenda. Huseni, fundi wa kuchomelea wa Buyenzi, aliwakatia vigingi sita vya nondo, akavikunja vichwa. Wanawake wawili juu ya pikipiki moja, sketi ndefu, mizigo imefungwa sawasawa: kila mlima waliopanda watu waliwachukua kuwa masista. Huko Bururi bibi mmoja aliwaletea mbuzi wake mgonjwa wamwombee. Candide alimkagua mbuzi macho na ulimi, akaagiza apewe maji yenye chumvi kidogo. Consolée ndiye aliyefanya ishara ya msalaba, kisha akacheka njia nzima mpaka akakaribia kuanguka.

Asubuhi ya kwanza ya safari ile, walipotaka kung'oa turubai, Candide alimimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akampa kwa mikono miwili. Baba yake, mtu wa Ijenda, alimfundisha kwamba zamani mgeni alichomeka mkuki wake uani kwa mwenyeji. Akiinuka kuaga haachwi aende mkavu, anapewa kinywaji cha mwisho, agashinguracumu, yaani cha kuchomoa mkuki. Kutompa ni tusi, na kukikataa ni tusi kubwa zaidi.

"Sasa sisi mukuki hatuna," Consolée akasema.

"Tuko nayo sita," Candide akajibu, akionyesha vigingi.

Asubuhi ya pili akammiminia tena. Ya tatu Consolée aliponyoosha mkono, Candide hakusogea. "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe," akasema. "Leo mi simimine. Chai ile pale, vigingi bile pale."

Mwanzoni Consolée aliona kama amepigwa kofi. Kisha maneno yakamwingia polepole. Kadi yake iliandikwa mkimbizi. Sokoni Kinama, alikouza vitenge, aliitwa mgeni hata na waliokuja mjini nyuma yake. Mwenye nyumba alimwita yule Mukongomani, na hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyojua kuita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ugeni umekwisha. Alijimiminia chai yake, akainywa, na kwa furaha akasahau kutia sukari.

Tangu siku ile, karibu kila kiangazi mafuta yalipokuwepo, walikwenda, na kila asubuhi kila mmoja alijimiminia mwenyewe.

Sasa ona, msomaji, mzigo aliokuwa nao. Kusema "naondoka" ilikuwa kama kumwambia Candide: ulikosea, yaya, nilikuwa mgeni tu, miaka yote nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti nikingoja jina langu liitwe. Na palikuwa na uongo juu yake. Mwezi wa tatu ofisi ya safari za wakimbizi ilipotaka karti za chanjo za watoto, za kwake zilikuwa zimekwenda na mafuriko ya Buterere. Akamwomba Candide amtafutie kwenye madaftari ya zamani na kuziandika upya. Akasema ni za shule. Candide alivaa miwani, akaandika karti mbili kwa mwandiko wake mzuri, akamkabidhi.

Ijumaa wakaondoka mapema. Pikipiki haziruhusiwi katikati ya mji, wakazunguka kwa pembeni hadi barabara ya kusini, ziwa likawa upande wa kuume, milima ya Kongo ng'ambo imefunikwa na moshi wa kiangazi. Candide ni dereva asiyesimama. Ukitaka kujisaidia naye, mwombe kabla hujapanda. Lakini siku ile alisimama ovyo. Alisimama Gitaza, wanawake walipoanika ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Alisimama kwenye michikichi karibu na Rumonge, harufu ya mawese mapya imejaa hewani.

"Angalia," akasema.

"Naangalia, yaya. Tulishapitaka hapa mara ngapi?"

"Angalia vizuri."

Rumonge walikula samaki kwenye sahani moja. Consolée alifuta vidole, akakohoa. "Yaya, kuko kintu nataka kukuambia."

"Kula kwanza. Samaki ya baridi ni kazi ya paka."

Akala. Na ukishashiba samaki wa Rumonge, ujasiri nao hulala.

Jumamosi wakapanda Bururi. Baridi ya milimani ikawapokea, mikaratusi, ng'ombe wa pembe ndefu wakivuka barabara kwa maringo yao. Consolée alikuwa amemkumbatia rafiki yake kiunoni, shavu kwenye lile koti la zamani lenye harufu ya dawa na petroli. Alimkumbuka Candide wa mwaka 2015, mnyororo ulipokatika kwenye mvua ya ghafla, alipoisukuma pikipiki mlima mzima akiutukana mnyororo kwa Kirundi safi. Alikumbuka safari aliyoumwa malaria, Candide akamfunga kwenye mgongo wake kwa kitenge, kama mtoto, asidondoke. Alitamani barabara iendelee mpaka Alhamisi ipite na ndege iende zake bila yeye. Kisha akamfikiria Benite, aliyefaulu mitihani na hakuwa na pa kwenda, na Vainqueur, wa miaka kumi na tano, aliyezaliwa hapa na ambaye naye kadi yake iliandikwa mkimbizi. Akalia kimya, na upepo ukamsaidia kukausha.

Jioni, wakipigilia vigingi, alijaribu tena. "Yaya, ile kintu."

"Kamata kamba," Candide akasema. "Vuta. Apana hivyo, vuta kabisa."

Jumapili walifika Rutovu, kwa Gélase, aliyekuwa mlinzi wa kituo cha afya na ambaye miaka yote hii alikataa kuamini kwamba hawa si masista. Aliwapa uwanja wake uleule chini ya boma la ng'ombe. Mchana walishuka kutazama chemchemi, na ni maji kidogo tu, yanayotoka kwenye bomba, mtu unaweza kuyaziba kwa kiganja. Safari ya kwanza Consolée aliyacheka. Mara hii aliyatazama muda mrefu yakienda zake, akajua kwamba asiposema kesho asubuhi, atasema uwanja wa ndege, au hatasema kabisa.

Asubuhi ya tatu jua lilitoka na umande mzito. Walikunja mablanketi. Consolée akaanza kung'oa vigingi, kimoja kimoja, akipanga maneno kichwani. Alipofikia cha sita, akapiga goti na kukishika, akainua uso aseme.

Candide alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amekijaza kifuniko chai, amekishika kwa mikono miwili, anamnyooshea.

Miaka kumi na mitatu hakuwa amemmiminia.

"Nani alikuambia?" Consolée akauliza.

"We mwenyewe. Masomo gani inaombaka mutoto wa miaka kumi na tisa karte ya surua? Na ya homa ya manjano uliomba. Mi nimedunga batu miaka makumi mbili na nane, Mama Benite. Homa ya manjano wanaiombaka bale ba kupanda ndege."

"Tangu mwezi wa tatu unajua?"

"Petroli sikuiokota jana. Lita moja hapa, nusu kule. Nilianza siku ile ile uliondoka na zile karte."

Consolée aliketi chini kwenye umande, sketi ikalowa. "Niliogopa," akasema. "Ulisemaka mi si mugeni. Nikasema, nikimwambia, atasema kumbe alikuwa mugeni siku zote."

Chai ilimmwagikia Candide kidole gumba, wala hakukifuta.

"Nimeumia, sikufiche," akasema. "Iko siku nilikuwa nanusa ile jerikeni, nasema kesho atanambia. Ukafika ku Rumonge ukataka kusema, nikaogopa miye. Nilitaka siku hizi tatu zikuwe zetu, hazina machozi." Akamsogezea kifuniko. "Baba alisemaka, adui akichomoa mukuki yake, hawamupatie kitu, aende. Mutu wa nyumba njo wanamupa kinywaji, juu wanataka arudi kuipanda tena. Kunywa. Inapoa."

Consolée akakipokea kwa mikono miwili, akanywa chote, hakubakisha tone. Kilikuwa na sukari nyingi, kama anavyopenda yeye. Wakakaa hapo bega kwa bega, wakalia bila kuoneana aibu, na ng'ombe wa Gélase wakawatazama.

Mwishowe Consolée akakishika kigingi, akakitikisa, akakichomoa. Alikifuta udongo kwa ncha ya kitenge chake. Hakukitia pamoja na vile vitano; alikiweka ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Candide alimwona. "Shitingi haisimame na vigingi bitano."

"Najua."

"Na ku ndege batakunyanganya icho chuma."

"Nitaitia mu valizi, kati ya bitenge."

Candide alifunga turubai na vigingi vyake vitano, akalikaza nyuma ya pikipiki, akavaa kofia yake na kupiga teke mara mbili mpaka injini ikaitika. Gélase akaja mbio na chupa ya maziwa, kama kawaida yake, akauliza masista watarudi lini.

"Muulize huyu," Candide akasema, akigeuza kichwa nyuma. "Kigingi iko kwake."