Gorreti aliyekataa kipimo cha pili

Saa moja asubuhi, Gorreti Nabifo anamlaza sangara ubavu juu ya meza ya mbao katika soko la Namatala, mjini Mbale. Anapitisha kisu nyuma ya matamvua na kukiteremsha hadi mkiani bila kuinua mkono. Mnofu unatoka mzima.

"Mama, nipe kichwa tu, cha supu," anaagiza mwendesha boda boda mmoja.

"Kichwa kimeshapata mwenyewe. Kesho amka mapema," anajibu bila kumtazama. Wateja wanacheka.

Gorreti, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Mbale, lakini kazi hii aliijulia Jinja. Alisimama miaka minne katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, buti zikiwa ndani ya maji ya barafu kutwa nzima. Mshahara wa shilingi elfu sitini kwa mwezi ulimlisha yeye na watoto wake wawili katika chumba chao cha mtaa wa Walukuba. Mumewe, Apollo, ni askari magereza, na wakati huo alikuwa amehamishiwa Mbale.

Kazi hiyo ilimponyoka mwaka jana, 1998, kwa sababu ya mstari mmoja hafifu.

"Asubuhi hiyo tuliambiwa hakuna kuvaa aproni kabla ya kukojoa kwenye kikopo," anasimulia. "Tulidhani wanatafuta ugonjwa, maana samaki ni chakula cha watu. Kumbe wanatafuta mimba."

Uongozi ulikuwa umeamua kupunguza wanawake, na wajawazito ndio wangetangulia kutoka. Vijiti vya kupimia vilichovywa kwenye vikopo, vikapangwa dirishani. Kabla havijasomwa, msimamizi akaitwa kupokea lori la samaki. Alirudi baada ya chakula cha mchana, vijiti vimeshakauka.

Kijiti cha Gorreti kilikuwa na mstari wa pili. Jioni aliitwa na afisa wa wafanyakazi, Bwana Kirunda.

"Nilimwambia, 'Bwana, mume wangu yuko Mbale tangu Pasaka, na hajaja hata mara moja. Mimba hii imetoka wapi?' Akasema, 'Hayo ni mambo ya nyumbani kwenu. Kipimo hakisemi uongo.'"

Maneno hayo yalifika Walukuba kabla yake. Mke wa askari, mume hayupo, na sasa eti amefukuzwa kazi kwa ujauzito! Bombani, wanawake waliokuwa wakimpisha achote maji sasa walimwacha asubiri zamu.

Siku chache baadaye aliona hedhi yake kama kawaida. Akaenda moja kwa moja kwa Racheal, muuguzi wa zahanati ya jirani, kuuliza kilichotokea.

"Nilimuuliza kijiti kilisomwa saa ngapi," anakumbuka Racheal. "Aliponiambia, nilishika kichwa. Kile kinasomwa ndani ya dakika chache, kama pakiti inavyoelekeza. Kikikauka, mkojo unaweza kuacha kivuli cha mstari. Kivuli si mtoto. Kijiti cha namna hiyo unatupa, unapima upya."

Muuguzi huyo anasema kosa huweza kuwa la upande wa pili pia. "Mwanamke akipima mapema mno, siku zake hazijapita, kijiti kinaweza kusema hapana na mimba ipo. Asubiri wiki moja, arudie kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule mzito."

Lakini uvumi haukusubiri maelezo ya muuguzi. Askari mmoja aliyekuwa likizo Jinja aliubeba hadi kambi ya magereza ya Mbale. Gorreti alipopata habari kwamba Apollo ameshasikia, aliwaacha watoto kwa Racheal na kupanda basi.

Apollo alimfungulia mlango, lakini hakumpokea begi. Begi likabaki kizingitini. Kesho yake Apollo alirudi kutoka zamu akiwa na kijiti alichokinunua duka la dawa.

"Akaniambia, 'Mama Andrew, pima tu, tumalize maneno,'" anasema Gorreti.

Njia ilikuwa rahisi. Jibu alilijua, na kijiti kingemsafisha kabla chai haijapoa. Gorreti alikipokea, akakitia kwenye sigiri iliyokuwa ikiwaka.

"Nilisema, 'Apollo, ukiniamini, niamini kwa mdomo wangu. Kama huniamini, leo utapima mkojo, kesho utapima nini? Ngoja. Tumbo halifichiki. Kama lipo utaliona.'"

Apollo, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, hakwepi kulizungumzia. "Mimi nashinda na watu wanaoapa kwamba hawakufanya," anasema. "Siku ile nilimtazama mke wangu kwa macho ya kazini. Nilikaa nje hadi chakula kikapoa. Halafu nikaingia na begi lake."

Miezi mitatu ikapita. Gorreti alikuwa amerudi Walukuba, akiuza mihogo ya kukaanga, alipotembelewa na Proscovia, aliyekuwa akisimama naye meza moja kiwandani. Siku ile ya vikopo, kijiti cha Proscovia hakikuonyesha mstari wa pili, mimba ikiwa bado changa mno. Alibakizwa kazini, tena akapewa kazi ya kubeba kreti za barafu. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya aproni, na uongozi ulikuwa umetangaza kipimo kingine kesho yake.

"Alikuwa analia," anasema Gorreti. "Alishaanguka mara moja chumba cha baridi, akasema ameteleza. Nikamwambia, kesho tunaenda wote."

Apollo, aliyekuwa amekuja kuwaona watoto, alitaka kuwasindikiza akiwa na sare. Gorreti alikataa. "Kwetu Kiswahili ni lugha ya wenye bunduki. Watu wetu wakisikia afande anakipiga getini watakimbia wote, wabaya na wazuri," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya geti akiwa amemshika Proscovia mkono, wafanyakazi wenzao wakiwa wamepanga foleni na vikopo.

"Nilisema kwa sauti, 'Huyu anayo, kijiti kikasema hana. Mimi sina, kijiti kikasema ninayo. Leo mnataka kumfukuza nani?'"

Mwanamke wa mbele akaweka kikopo chake chini. Wa nyuma yake akaweka. Lori la samaki likaingia, barafu ikidondoka chini ya jua, na hakuna aliyeshika kisu.

Bwana Kirunda alitoka akisihi. "Jamani, amri imetoka juu, mimi natumwa tu!"

"Basi rudi juu, waambie tumekataa," sauti ikamjibu kutoka kwenye foleni.

Kabla ya mchana vikopo viliondolewa. Proscovia alihamishiwa meza ya kufungasha, anakokaa kwenye kiti. Alijifungua salama mtoto wa kike na amerudi kazini. Uongozi wa kiwanda haukukubali kuzungumza na mwandishi wa habari hizi.

Gorreti naye aliitwa arudi, kwa sharti moja: apimwe mara ya pili, ili jalada lake lifungwe vizuri. Alikataa.

"Wengi waliniita mjinga, hata mama yangu," anasema. "Niliuza kitanda na redio. Watoto walikatisha muhula tulipohamia huku. Sisemi haikuuma. Lakini ningekubali, na wale walioweka vikopo chini ningewatazamaje?"

Sasa anaishi Mbale na Apollo na watoto, na anapata sangara kutoka kwa wachuuzi wa Jinja. Wateja wake wengine ni kina mama wa mtaa wa Nkoma wanaotaka mnofu usio na mfupa, na huko ndiko anakotaka kufungua duka lake mwakani, lenye jokofu na meza ndefu ya kukatia. Ataajiri wanawake watatu. Wakipata mimba watapewa viti.

Na yeye mwenyewe, anatarajia mtoto mwingine?

Gorreti anafuta kisu kwa kitambaa, anamvuta samaki mwingine na kumlaza ubavu.

"Andika hivi," anasema. "Gorreti ameulizwa, amekataa kujibu."