Mkono wa Kushoto wa Kaida Ibtisam

Huku kwetu Uarabuni kiongozi wa skauti huitwa kaidi, na akiwa mwanamke huitwa kaida. Mswahili akisikia atacheka, na acheke tu, maana Ibtisam Dababneh alikuwa yote mawili. Ukaidi ndio uliomwezesha kuongoza kikosi cha wasichana miaka kumi na tisa bila kulipwa hata nauli, na kaida, yaani desturi za kikosi, alizitunga yeye. Asubuhi aliuza dawa za kikohozi kwenye duka la Abu Raja. Jioni alikuwa wa watoto wa watu. Hakuolewa, na wanawake wa mtaa walimwita Mama Thelathini, kwa idadi ya mabinti aliokuwa akiwasumbukia.

Mimi ni jirani yake, na skafu zao zote nimezishona mimi. Kwa hiyo nilikuwa nikisikia kila kitu. "Kaida, mwanangu asipigwe na jua, ana ngozi ya baba yake." "Kaida, Ijumaa hatuji, tunavuna zeituni." "Kaida, Lina amesahau filimbi juu ya friji ya bibi yake, na bibi yake yuko Irbid." Wazazi hao hao walikuwa wa kwanza kuuliza kwa nini watoto hawajui wimbo. Ibtisam alikuwa akija kwangu, anavua viatu, anasema, "Mama Nasri, nipe chai kabla sijamtukana mtu." Akishainywa anaanza kunisimulia jinsi mtoto fulani mwenye haya alivyopiga ngoma leo bila kujificha nyuma ya wenzake, na uso wake wote unang'aa. Sijui alikuwa akipata wapi moyo ule.

Desturi zake mbili nizitaje. Ya kwanza ni ya skauti wote: husalimiana kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipopewa mkono huo na mtoto wa skauti alimpiga kofi kiganjani. "Mkono wa chooni unanipa mimi?" Ibtisam akamwambia, "Shangazi, wa kulia tunampa kila mtu. Wa kushoto tunawapa walio wetu." Mkwe wangu hakuridhika, lakini tangu siku hiyo alipokutana na Ibtisam alikuwa akimnyooshea wa kushoto, huku akisonya.

Ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Skauti akiinua vidole vitatu na kusema "kwa heshima yangu," haulizwi tena. Mwaka jana ngoma kubwa ya wavulana ilikutwa imechanika, wakasema ni Lina. Lina akaapa kwamba si yeye. Mazen, kiongozi wa wavulana, akataka kumhoji mtoto kama polisi. Ibtisam akasimama kati yao. "Ameapa kwa heshima yake. Haulizwi tena, na wewe ukimuuliza unaniuliza mimi." Mazen akafyata ulimi. Wiki iliyofuata ikajulikana kwamba ngoma ilichanwa na paka.

Sasa nije kwenye viriba. Si vya maji. Ni vile vya kupuliza: mfuko wa ngozi kwapani, zumari moja mikononi na nyingine tatu begani. Jumapili ya Matawi wavulana hutangulia na viriba vyao kutoka chini ya mji mpaka kanisani, na wasichana hufuata nyuma wakibeba matawi. Ndivyo ilivyokuwa tangu nilipoolewa hapa. Miaka miwili iliyopita Ibtisam alimwendea padri wetu, Abuna Yaqub, akamuuliza kama kuna andiko linalokataza msichana kupuliza. Abuna akakuna ndevu. "Siku watakapopiga wimbo mzima bila kukatika pumzi, watatangulia."

Alichagua wasichana tisa. Miezi ya mwanzo ilikuwa adhabu kwa mtaa mzima. Abu Samir wa mkabala alikuwa akifungua dirisha na kuuliza, "Ibtisam, mbuzi wenu amezaa au bado?" Naye anamjibu, "Bado, mjomba, tukihitaji mkunga tutakuita." Midomo ilivimba, machozi yakawatoka, wawili wakaacha, mmoja akarudi. Dalal, mkubwa wao mwenye miaka kumi na tano, alizimia mara moja, na alipoamka aliuliza kama kiriba kimeanguka.

Na alikuwepo Ruba. Ruba ndiye aliyekuwa akivioanisha viriba, kwa sababu sikio lake halikosei: zumari ikiachana na mwenzake kidogo tu, anajua ni ya nani. Aliingia kikosini akiwa na miaka saba, jino linalegea. Mama yake alipougua, alikula kwa Ibtisam majira yote ya baridi na kulala kwenye kochi lake. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa Kaida, na wakati wa Krismasi alichumbiwa na Mazen. Siku hiyo Ibtisam alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Jumanne kabla ya sikukuu, wasichana walipiga wimbo mzima mara tatu mfululizo wakipanda ngazi za nyuma ya kanisa. Nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu na nikaacha kumenya. Abu Samir alifungua dirisha, na safari hii hakutaja mbuzi. Nilipochungulia nilimwona Ruba amemkumbatia Ibtisam, wote wawili wanalia kama wajinga.

Jumatano alasiri tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa kupanga maandamano. Alikuwepo Abuna, wazee wawili, Mazen, Ibtisam, Ruba, na mimi na sanduku langu la skafu.

"Abuna, mimi sina neno na hao mabinti," Mazen akaanza. "Ila barabara ile inapanda. Wakikatika pumzi mbele ya askofu, aibu ya nani?"

"Mwaka juzi ulikatika wewe, mbele ya duka la nyama," Ibtisam akamwambia. "Askofu akasubiri umalize kukohoa."

Wazee wakacheka. Abuna naye akacheka, kisha akamgeukia Ruba. "Ibtisam ni mama yao, na mimi mama simuulizi habari za mwanawe. Wewe ndiye unayesikiliza viriba. Ruba, binti yangu, wako tayari?"

Nilimwona Ibtisam akiegemea kiti, miguu ameinyoosha, kama mtu ambaye mkate wake umeshaingia tanurini. Ruba aliitazama pete yake. Kisha akainua vidole vitatu.

"Hawajawa tayari, Abuna. Kwa heshima yangu."

Mzee mmoja alikohoa. Ibtisam alisema tu, "Ruba," kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali. Mimi sikuweza kunyamaza.

"We binti, jana wamepiga mara tatu, nimewasikia kwa masikio yangu."

"Mama Nasri," Mazen akasema taratibu, "ameapa kwa heshima yake. Haulizwi tena. Si ndiyo kaida ya Kaida?"

Tukamtazama Ibtisam sote. Wasichana walikuwa uani, hatua ishirini tu, angewaita wapige na mambo yangeisha. Alivuta miguu aliyoinyoosha, akaketi wima.

"Ameapa," akasema. "Haulizwi."

Njiani nilimtolea povu, sikuficha. "Una wazimu? Mtoto anakudanganya mchana kweupe, na wewe unamsaidia?"

"Nikimbishia Ruba leo, Mazen atamrudia Lina kesho. Na yeyote atakayefuata. Nimewafundisha miaka kumi na tisa, Mama Nasri. Hilo tu ndilo nililowafundisha, mengine ni kupuliza."

Kwangu hakutaka chai. Alichukua kikombe kisafi akakiosha, akakiosha tena. "Alikuwa anaogopa miiba ya samaki," akasema. "Baridi nzima nilikuwa nikimchambulia kwenye sahani yake." Ndipo akalia, na kilio kile kilikuwa cha mtu aliyeibiwa na mtu wa nyumbani. Nilimchukia Ruba siku hiyo, na mpaka leo sijaacha kabisa.

Wasichana aliwaambia mwenyewe. "Abuna ameamua tusubiri." Jina la Ruba hakulitaja. Ijumaa kila mtu alishajua, mji wetu ni mdogo.

Jumapili wavulana walitangulia. Walipiga vizuri, niseme nini, hata mbele ya duka la nyama hawakukatika. Wasichana walifuata nyuma na matawi, wanane wakiwa na midomo iliyokakamaa bado kwa mazoezi, na Ibtisam pembeni yao, skafu imenyooka, akitazama mbele tu.

Baada ya ibada tulikuwa uani tukigawa mikate ya zaatari, ile inayopakwa mafuta na majani makavu ya viungo. Ruba akaja, macho mekundu.

"Kaida, nielewe. Mama yake Mazen alisema mwanawe hawezi kutembea nyuma ya mabinti mwaka anaooa. Ningeanzaje nyumba yangu kwa vita? Ni mwaka mmoja tu. Mwakani watatangulia, nitawasimamia mwenyewe."

Ibtisam aliendelea kupanga mikate kwenye sinia. Kabla hajajibu, Dalal akafika na wenzake saba nyuma yake, kila mmoja ameshika tawi lake bado.

"Kaida, tuambie wewe. Hatukuwa tayari?"

Ibtisam akafuta mikono kwenye sketi. Alimtazama Ruba kidogo, kama anayempa nafasi ya kusema mwenyewe. Ruba akatazama chini. Basi Ibtisam akainua vidole vitatu.

"Mlikuwa tayari. Kwa heshima yangu."

Hakuna aliyemuuliza tena. Wasichana walitazamana, kisha wote wanane wakamtazama Ruba, na Lina mdogo akaanza kulia.

Ruba alisogea. "Kaida," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyofanya kila siku tangu ana miaka saba.

Ibtisam aliutazama mkono ule. Halafu akampa wa kulia.

"Hongera kwa harusi, binti," akasema, kwa adabu zote.

Ruba alibaki kidogo na mkono wake wa kushoto hewani. Kisha akabadilisha.