Cheti cha Udongo wa Dada

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minne na alikuwa anakula udongo. Hilo si jambo la ajabu. Sokoni Tabora udongo wa kula unauzwa kwa vijiti vilivyokaushwa, vimepangwa kwenye sinia kati ya karanga na dagaa, na wajawazito wananunua kama wengine wanavyonunua chumvi. Jambo la ajabu, kwa familia yetu, lilikuwa mimi: nimemaliza shahada ya kemia, sina kazi, na ninauliza udongo umetoka wapi.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza ilitoka. Hakuna aliyejua kwa nini, na kwetu jambo lisilo na sababu hutafutiwa moja kabla ya jioni. Mama alisema ni kubeba ndoo. Shemeji alisema ni mipango ya Mungu. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba udongo wa namna hii, sehemu nyingine, umewahi kukutwa na madini ya risasi, na kwamba madini hayo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni.

Nikaenda kwa mama anayemuuzia dada udongo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza udongo wake unachimbwa wapi. Akasema Kaliua, unakuja na treni. Nikauliza Kaliua sehemu gani. Akasema yeye anapokea gunia, hapokei historia yake. Sikumlaumu. Mji huu umepokea mizigo ya watu tangu enzi za misafara, na waliouliza sana ndani kuna nini hawakudumu kwenye biashara.

"Mimi nimezaa saba na udongo huu huu," akasema. "Wewe umezaa wangapi, mwanangu?"

Wauza dagaa wakacheka. Nilifikiria kumweleza kwamba watoto saba wa tumbo moja hawathibitishi kitu. Nikanunua vijiti vitatu.

Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye alipata kazi maabara Dar es Salaam, alikubali kuvipima. Baada ya siku mbili akanipigia. Fomu yao ilitaka aina ya bidhaa: chakula, kipodozi, rangi, vyombo vya jikoni. Nikamwambia aandike chakula, maana kinaliwa. Akasema ukiandika chakula, kompyuta inadai namba ya kiwango cha chakula hicho, na yeye hajaona kiwango cha udongo. Inaelekea hakuna kikao kilichowahi kukubali kwamba watu wanaula. Akaandika "Nyinginezo".

Majibu yalikuja kwa ukurasa mmoja wenye mhuri. Risasi ilikuwepo. Kando yake palikuwa na namba ndogo, yenye sufuri mbele. Safu iliyofuata, iliyoandikwa "Kikomo", ilikuwa na mstari mfupi tu. Safu ya maoni nayo vilevile.

Nikampelekea dada. Alikuwa uani, amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua mchele. Ni mwalimu wa shule ya msingi na husoma kila karatasi kama anasahihisha.

"Hapa wameweka mstari," akasema. "Maana yake udongo umefaulu?"

"Hapana. Maana yake hakuna alama ya kufaulu iliyopangwa."

"Basi umefeli."

"Hapana pia."

Akasema shuleni kwake mstari maana yake mtoto hakufanya mtihani. Nikamwambia udongo umefanya mtihani na alama umepata, ila hakuna aliyesema ngapi ni nyingi. Nikaendelea. Nikasema kwa mtoto wa tumboni wataalamu hawajapata kiasi cha risasi wanachoweza kukiita salama. Nikasema hata vikomo vya vyakula vingine ni makubaliano ya watu mezani. Nikasema vijiti vitatu havisemi lolote kuhusu gunia zima, na kwamba inategemea anakula vingapi kwa siku.

Akanikatiza bila kupandisha sauti.

"Mdogo wangu, nisipokula udongo natapika hata maji. Vidonge vya damu vinatoka, ugali unatoka. Nikila, chakula kinakaa. Sasa niambie. Nile au nisile?"

Chuoni swali hilo ningeliandikia kurasa nne na kumaliza kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Hapo uani palikuwa na yeye, tumbo lake, na kile kikaratasi.

"Sijui," nikasema. "Ila usile. Na kliniki uwaambie kwamba vidonge vinatoka."

Kisha akaingia ndani, akarudi na mfuko wa vijiti vilivyobaki, akanikabidhi. Akakaa tena, akavuta ungo, akachota mchele mbichi kiganjani na kuutia mdomoni. Akatafuna polepole, macho ameyafumba.

Kuhusu mchele pia nimesoma. Kuna madini mengine huko, ya sumu pia, yana jina baya zaidi. Lakini mchele angalau una kikomo, kimeandikwa, nimekiona kwa macho yangu.

"Mbona unanitazama hivyo?" akauliza.

Nikasema hakuna kitu. Nikakaa naye mkekani, nikaanza kumsaidia kutoa mawe.