Mpimaji wa Maabara na Samaki Saba

Mpimaji wa maabara hajipaki manukato, na mikono huiosha kwa maji matupu. Nilipofika mara ya kwanza alinisimamisha mlangoni. "Mama, shali yako inanukia uunsi. Nenda uibadilishe." Binti yangu Idil akacheka: "Hooyo, mama yangu, umefukuzwa na samaki!" Mimi sikucheka. Mpimaji alikuwa akipima mafuta ya kunukia ninayotia kwenye uunsi, udi ninaopika nyumbani, kwa sababu maji ninayooshea masufuria huteremka hadi bwawa la samaki la Idil, kando ya Mto Tana. Maabarani mpimaji ana matangi sita, kila moja na samaki saba, na mafuta yanazidi tangi hadi tangi. Siku nne za jaribio hawalishi. Kila asubuhi huinama, akahesabu kwa midomo bila sauti. Akimkuta aliyelala ubavu, humgusa mkia kwa kijiti cha kioo aone kama yu hai, taratibu, kama anayemwamsha mtoto wa jirani.

Siku ya nne, wa tangi la mwisho walikuwa wamekufa wote. Mpimaji akaniita kwenye la tatu, lenye mafuta kiasi kile kile kilichomo katika maji yangu ya masufuria. Mmoja alikuwa amelala. Akamgusa, akangoja, akamgusa tena. Mkia ukapiga maji, yakamrukia usoni. Hakujifuta. "Saba," alisema kwa sauti, akaandika.