Nilipewa Kazi ya Utafiti kwa Sababu Sina Mtu

Admin, ukiliandika jina langu hapa, Kitale yote itajua ni mimi kabla ya chai ya saa nne, kwa hivyo naomba ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa. Ni Mhindi, lakini nimezaliwa Kitale, baba amezaliwa Kitale, na babu alipokufa tulimchoma hapo hapo Kitale. Nyumbani tuna duka la mabati na misumari. Kiswahili changu nilikipata kaunta, nikibishana na mafundi.

Duka sikulitaka, nilipenda mimea. Nikasoma mpaka digrii ya pili, na huko chuoni ndiko nilikompata Nekesa, msichana Mbukusu wa Kabuchai. Tulifanya utafiti pamoja juu ya lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi mpaka yanakonda shambani. Nililala kwao mara nyingi, kitanda kimoja na yeye. Mamake akanipa jina Nanjala, jina la mtoto wa wakati wa njaa, kwa sababu mara ya kwanza nilifika ghala likiwa tupu. Wasichana wa jamii yetu niliokua nao waliolewa Nairobi na ng'ambo. Rafiki niliyebaki naye alikuwa Nekesa peke yake.

Mwaka jana chuo kimoja huku Bungoma kilitangaza nafasi moja ya mtafiti. Tangazo lilisema wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa jamii ndogo wanahimizwa kuomba. Tuliomba sote wawili. Siku ya mahojiano tulikula pamoja Kanduyi, Nekesa akaniambia, "Mmoja wetu akipata, si ni sisi wote tumepata?" Nikamwambia ndiyo, na nilimaanisha.

Nikapata mimi.

Nekesa aliniandikia neno moja tu, "Hongera." Baada ya hapo nikimpigia, simu inaita mpaka inakatika.

Kazini hakuna anayenitukana, nisiwe mwongo. Wananisalimia vizuri. Lakini wakati wa chai wanaingia Kibukusu, na hawajui kwamba nimelala Kabuchai miezi na miezi. Siku moja nilimsikia mmoja akisema, "Huyu babake ana duka, amefuata nini hapa? Ati amekuja kula sahani ya mwenye njaa." Wenzake wakacheka. Nikaangalia simu yangu kana kwamba kuna mtu ameniandikia. Hakukuwa na mtu. Tangu hapo chai nainywa katika chumba cha sampuli, kati ya mifuko ya mbegu. Jioni narudi kwa nyumba niliyopanga karibu na msikiti, na mama mwenye nyumba ananiuliza, "Kwani watu wenu huwa hawaji kukuona?" Nikipiga simu nyumbani, baba ananiambia, "Rudi dukani. Huko nani anakutaka?"

Halafu wafadhili wakaja. Profesa anayeongoza mradi alinivuta mbele, akawaambia, "Mnaona? Sisi hapa hatubagui mtu." Nikapigwa picha mpaka mashavu yakauma. Walipoondoka nikamfuata ofisini.

"Profesa, niambie ukweli. Mlinichukua kwa nini?"

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Si ulifanya vizuri, bana? Hata yule msichana wa Kabuchai alifanya vizuri, pengine kuliko wewe kidogo. Lakini kila mmoja kwa jopo alikuwa na mtu wake. Tukichukua wa huyu, yule ananuna. Wewe huna mtu. Tukaona hakuna atakayelalamika."

Wewe huna mtu. Pale kaunta nimeambiwa mengi juu ya Wahindi, lakini hakuna lililoniingia kama hilo.

Jumamosi nikaenda Kabuchai. Mamake Nekesa alinikumbatia, "Nanjala wangu, mbona umekonda hivi?" Nekesa hakuinuka. Nilimwambia kila kitu, nikilia.

"Kwa hivyo nilishinda," akasema.

"Ndiyo."

"Na bado unaenda kazini."

Nikamwambia niko tayari kuiacha. Akanikatiza. "Ukiiacha, babako atakufungulia duka. Mimi watanipatia? Watapatia mtu wao. Usiniletee machozi, Nanjala. Sina pa kuyaweka."

Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu kwao mgeni haachwi aende peke yake, lakini hakungoja hata pikipiki iwake.

Sasa nafasi ya pili imefunguliwa, na profesa ameniweka kwa jopo. Ati panahitajika mwanamke na mtu wa jamii ndogo, na mimi ni vyote viwili. Amenitajia walioitwa. Nekesa yumo. Yeye hajui kwamba atanikuta nimekaa upande ule mwingine wa meza.

Nikisema ni rafiki yangu, nitaambiwa nitoke, na ndani hatabaki hata mmoja wa kumtetea. Nikificha nikampigania, nimekuwa kama wao, hata kama yeye ndiye bora. Na nikisimama nikaeleza walivyofanya mwaka jana, mkataba wangu unakaribia kuisha na hakuna atakayeuongeza, na mtu wa mmoja wao bado anaweza kupita.

Mahojiano ni wiki ijayo. Nyinyi mnaosoma, msianze na matusi, ya kwangu yametosha. Mngekuwa mimi mngefanya nini, mngetoka, mngenyamaza, ama mngesema yote? Nawauliza watu nisiowajua kwa sababu mambo kama haya nilikuwa namuuliza Nekesa.