Rangi ya Vidonge vya Raymundi

Tulimzika mama yetu, Bertila, hapa Kwihara Jumamosi iliyopita. Wanaokuja kutupa pole hukiona kikapu chake chenye utepe mmoja wa manjano, wakauliza kwa nini tumekiweka chini ya msalaba ukutani. Nimeona heri niandike, kama alivyotusimulia mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita vya pili vya dunia. Baba yetu, Raymundi, alishikwa na homa iliyoondoka na kurudi hata akabaki mifupa. Kwinini ilikuwa adimu. Kwenye dispensari mjini Tabora, dresa Mabruki, mgawa dawa wa pale, akampa vidonge vipya, ameze kimoja kila siku mpaka mvua ziishe. Homa ikatulia, lakini ngozi ya baba ikaanza kugeuka manjano.

Jilala, mdogo wake baba, alipokuja kumjulia hali alicheka kwanza.

"Shemeji, umempika kaka kwa bizari?"

Kisha akamtazama vizuri. "Hii ni nyongo. Vidonge hivyo vinamuua. Vitupeni, nimlete mfumu amtibu."

Baba akaamini. Asubuhi iliyofuata alikitema kidonge mkekani. Mama aliogopa pande zote mbili: homa ikirudi, mwili ule hauna tena nguvu ya kupigana nayo, na akimlazimisha kumeza, kumbe Jilala amesema kweli, atakuwa amemuua mumewe kwa mkono wake. Akapiga magoti akasali. Lakini mama alikuwa mtu wa kusali macho wazi, na mbele ya magoti yake akaona kidonge kimeacha doa la manjano mkekani.

Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu, na ukindu aliutia rangi mwenyewe. Akakiokota kidonge, akakivuruga katika maji ya moto, akatumbukiza ukindu mweupe. Ulipotoka ulikuwa manjano. Akausuuza, akausugua, rangi haikubanduka. Akaenda kumfunua baba kope, akamwita Jilala aliyekuwa amelala kwetu.

"Njoo utazame, shemeji. Mwenye nyongo hugeuka manjano mpaka macho. Haya meupe. Kaka yako ametiwa rangi."

"Siku hizi umekuwa daktari?"

"Sijawa. Ndiyo maana nakwenda kuuliza."

Akatembea mpaka mjini, ule ukindu ameufunga kwenye pindo la kanga. Mabruki alipoutazama alikuna kichwa.

"Dawa hii jina lake nani?" mama akauliza. "Imetoka wapi? Inapatana na chakula gani? Ikikasirika inafanya nini?"

"Mama, unataka dawa au unachunguza mchumba wa binti yako?"

"Mchumba mbaya hurudishwa kwao. Hii ikishamezwa nitairudisha wapi?"

Mabruki akacheka, lakini mengine hakuyajua. Akaingia ndani kumwuliza daktari, akakawia, kisha akarudi.

"Inaitwa mepakrini. Rangi ni yake yenyewe, haina ubaya. Hata askari waliokuwa Burma waligeuka hivyo. Akimaliza dawa itaondoka polepole. Ale kwanza, ndipo ameze, na maji mengi. Ila akianza kupayuka maneno yasiyo na kichwa wala miguu, acha kumpa, umlete upesi."

"Mbona hukutuambia mwanzo?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza, mama."

Nyumbani alimweleza baba yote, na lile la kupayuka hakulificha. Jilala akadakia, "Kaka hupayuka tangu utotoni, tutajuaje?" Baba akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Akaomba uji, akaunywa wote, akanyoosha mkono apewe kidonge.

Mvua zilipoisha homa haikurudi, na ngozi yake ikarudia weusi wake. Ukindu ulibaki manjano. Mama akausuka katika kikapu kile.

Mungu ampumzishe. Baba ndiye aliyetangulia kutupia udongo kaburini mwake. Juzi nilimpeleka dispensari kwa ajili ya kifua. Dresa wa sasa, kijana mgeni, akamnyooshea chupa. Baba hakuipokea.

"Kwanza," akasema, "jina lake nani?"