Bandari ya Mezani

Mzee wa chumba namba sita, katika makao ya wazee mjini Fridley, ng'ambo, aliendesha kreni bandarini Roterdamu miaka arobaini, na hagusi kifungua kinywa mpaka aijenge bandari yake mezani. Kijiko ndicho mto, vipakiti vya sukari ndivyo makontena, na vidole vyake vinene huvipanga kimoja kimoja huku akinguruma kama injini. Kila asubuhi humsimulia Philister, mhudumu wake, jinsi magati ya zamani yalivyogeuka nyumba za matajiri, na bahari ikafukiwa mchanga ili meli kubwa zipate gati. Sasa, Philister kalelewa Kisii na mama asiyevumilia meza chafu. Mkono wake hushika kitambaa kabla ya akili. Jumatatu akapangusa mara moja tu, bandari nzima ikaishia kwenye ndoo ya taka.

"Woiye, mzee, nisamehe!"

Mzee akaitazama meza tupu. Mabega yakaanza kumtikisika; kumbe anacheka.

"Nilikuwa na miaka mitano mabomu ya vita yalipoufagia mji wetu hivyo hivyo. Lete sukari nyingine."

Akaanza upya, safari hii akiviachanisha vipakiti ili njia pana ipite katikati.

"Ukishabomolewa," akasema, "usisahau kupanua barabara."